Je, wajua kwa nini abort, fanksheni ya C ya kuua programu papo hapo, huacha faili tupu?

Kijana mmoja wa Sinza aliandika programu ya C ya kujumlisha mauzo ya duka la Kariakoo. Akiiendesha kwenye skrini, anaona "Jumla: 845000", halafu ujumbe wa kosa na "Aborted". Akielekeza matokeo kwenye faili, ./mauzo > ripoti.txt, faili linabaki tupu: baiti 0. Programu ni ile ile, printf (fanksheni ya kuandika matokeo) ile ile. Jumla imekwenda wapi?

Haikufika kabisa. printf huweka maneno kwenye bafa kwanza, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, kama konda wa daladala anavyokunja noti vidoleni kabla ya kumkabidhi dereva. Kwenye skrini bafa humwagwa kila mstari unapoisha. Kwenye faili husubiri ijae. Programu ikimalizika kwa exit, njia ya kawaida ya kutoka, bafa zote humwagwa na fanksheni zilizosajiliwa kwa atexit ili ziitwe mwishoni huitwa. abort haiagi mtu. Huipa programu ishara ya SIGABRT, namba 6 kwenye Linux, na konda anaanguka na noti zake mkononi. Ukiandika echo $?, kuuliza programu imeishaje, unajibiwa 134, yaani 128 jumlisha 6. Kanuni za C zimewaachia watengeneza maktaba waamue kama bafa imwagwe. Glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, siku hizi haimwagi.

Kuipuuza ishara hiyo hakusaidii, maana abort huirudisha kwenye hali yake ya asili na kuituma tena. Upenyo ni kuidaka na kuruka kwa longjmp hadi sehemu nyingine ya programu, jambo ambalo sikushauri.

Ukatili huu una sababu. abort huitwa pale programu isipojiamini tena: glibc yenyewe huiita ikigundua kumbukumbu ile ile imeachiliwa kwa free mara mbili. Hapo kazi yoyote ya kufunga hesabu inaweza kuandika takataka. Kama mfumo unaruhusu, linabaki faili la core, picha ya kumbukumbu wakati wa kifo, ukalichunguze kwa gdb, programu ya kutafuta hitilafu.

Kwa kijana wetu, aliyeita abort ni assert(sukari >= 0), ukaguzi unaoua programu sharti lisipotimia. Ujumbe wake hupitia stderr, njia ya ujumbe wa makosa isiyo na bafa, ndiyo maana ulionekana hata jumla ilipopotea. Angeweka fflush(stdout), ya kumwaga bafa ya matokeo, baada ya printf, jumla ingefika kwenye faili. Rafiki yake akamwelekeza njia ya mkato: kompaili na -DNDEBUG, assert zote zifutike. Programu ikamaliza vizuri, ripoti ikajaa, na stoo ikaonyesha mifuko -3 ya sukari.