Acheni kuizika M83, ingali hai

Kila ninapomwachia mtu nafasi mbele ya darubini aitazame M83, galaksi (mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) iliyo mbali sana, jicho likishazoea giza na ule ukungu mweupe ukajitokeza, maneno ni yale yale: "Kumbe natazama kitu ambacho hakipo tena." Juzi nimeyasikia kwa mwalimu wa sayansi, mbele ya wanafunzi wake, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Wanafikiri kwamba kwa kuwa nuru yake imechukua muda mrefu kutufikia, chenyewe kimeshatoweka. Hapana. Kipo. Kosa hili linanikera kwa sababu linamnyima mtu kile hasa alichokuja kukiona, yaani ukubwa wa ulimwengu.

Nyota za macho matupu tuzimalize upesi. Rijili Kantori iko miaka nuru 4 na kitu (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Spika, nyota angavu ya kundi la Mashuke, iko takriban 250: nuru yake ya leo ilianza safari kabla Seyyid Said hajazaliwa. Hata zile hafifu, nyingi mno ziko ndani ya miaka nuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni hadi mabilioni ya miaka. Toka nje usiku huu: karibu kila unayoiona bado inawaka. Nyota ya Ibuti la Jauza ilipofifia mwishoni mwa 2019, mitandaoni ilishatangaziwa msiba. Sababu kubwa ilikuwa vumbi, na nyota ikang'aa tena.

Sasa M83 yenyewe. Mtaalamu wa nyota Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, aliiona mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na sisi wa karibu na ikweta tunaipata vizuri kuliko watu wa Ulaya, ambako huinuka kidogo tu juu ya upeo wa macho. Katikati ya Juni, saa mbili usiku, anzia Spika, shuka kusini ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, kuelekea Kantarusi. Ukiwa na darubini yenye kioo cha sentimita 20 na giza la kweli, mbali na taa za mji, utaona kitovu angavu kilichozungukwa na ukungu. Tazama pembeni kidogo badala ya kuikodolea macho, na mikono yake iliyojikunja, yaani mistari ya nyota na gesi, itaanza kujidokeza. Rangi usizitafute, hizo hukusanywa na kamera.

Iko umbali wa takriban miaka nuru milioni 15. Nuru hiyo ilipoondoka huko, hapa duniani hapakuwa na binadamu hata mmoja, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Wanaipima galaksi kwa umri wetu. Tukikadiria kwamba ina miaka bilioni 10, basi miaka milioni 15 kwake ni kidogo sana: ni kama kutazama picha ya mzee wa miaka 70 iliyopigwa siku 38 zilizopita. Nani atamzika mzee kwa sababu hiyo? Jua letu huchukua takriban miaka milioni 230 kukizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, mara moja. Kama mwendo wa M83 unakaribiana na huo, tangu nuru ile iondoke galaksi nzima haijamaliza hata robo ya mzunguko. Mikono unayoiona ipo, imesogea tu.

Lakini ngoja, maana hapa kuna jambo ambalo wenye kusema "imekufa" wangelijua, wangekuwa na hoja. Mwanga unaoichora mikono ile hutoka kwa sehemu kubwa kwenye nyota nzito za buluu, na nyota hizo huchoma hidrojeni yake kwa pupa. Zenye uzito wa zaidi ya mara 20 wa Jua hazifikishi miaka milioni 15. Hizo, kwa hakika, zimeshakwisha zote. Kati ya 1923 na 1983 zilionekana supanova (milipuko ya nyota zinazokufa) sita ndani ya M83, kwa hiyo vifo vya nyota mojamoja tunavishuhudia. Mkono haukufa pamoja nazo, kwa kuwa gesi hubanwa mle na kuzaa nyota nyingine. Nyota ndogo, zinazofanana na Jua au hafifu zaidi, ambazo ndizo nyingi, ziko vilevile. Ukiniuliza "nyota hizi zipo?" nitakuuliza, zipi?

Vitabu vya shule huliacha jambo hapo, na hapa ndipo panaponiacha na mashaka. Mwaka 1964 wanasayansi Lin na Shu walipendekeza kwamba mkono ni wimbi la msongamano, yaani mahali nyota na gesi hubanana kama magari kwenye foleni: nyota huingia na kutoka, foleni inabaki. Maelezo hayo yanasaidia sana, ila wataalamu bado wanabishana kama mikono ya galaksi fulani hudumu mabilioni ya miaka au huvunjika na kujiunda upya mara kwa mara. Hata neno "sasa" halitulii. Kwa hesabu za Einstein, ukianza tu kutembea kuelekea M83, "sasa" yako ya kule husogea karibu mwezi mzima mbele. Kwa hiyo ninaposema ipo sasa, kuna utata ndani yake, lakini utata wa mwezi haugusi kitu chenye umri wa mabilioni ya miaka.

Anayetaka kuuliza swali lake mahali panapostahili, aende mbali zaidi. Mwaka 2024 darubini ya angani ya James Webb ilithibitisha JADES-GS-z14-0, galaksi ambayo tunaiona ilivyokuwa takriban miaka milioni 300 baada ya mlipuko mkuu, mwanzo wa ulimwengu. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 13. Katika muda huo inaweza kuwa imemeza galaksi jirani au imemezwa, ikaacha kuzaa nyota, ikabadilika umbo lote. Kuhusu hiyo, semeni mtakavyo. Kwa M83, miaka nuru milioni 15 ni ujirani.