Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Mgonjwa wa kwanza niliyemwekea aplikesheni ya chakula alikuwa mzee mmoja wa Kayenze, mvuvi aliyeacha ziwa. Presha ya miaka mingi ilikuwa imemtanua moyo, na miguu ilijaa hadi viatu vikamkataa. Alikuja kliniki na mkamwana wake, mwenye simu janja iliyopasuka kioo kona moja. Nikampakulia programu palepale kwa bando langu. Kila mlo aandike mzee kala nini, programu ijumlishe chumvi na mafuta, jioni itoe rangi: kijani, njano au nyekundu.

Wiki mbili baadaye wakarudi. Kijani siku zote kumi na nne! Nikainama kumbonyeza mzee juu ya kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo, na shimo likachelewa kurudi.

"Dada, ulikuwa unaandika nini?"

"Nikiandika dagaa inaniletea samaki wa kopo. Nikiandika ugali wa udaga, ule wa muhogo, inanyamaza. Nikaona niwe nachagua mkate tu, ili isinisumbue."

Kosa lilikuwa langu, yeye alitafuta njia ya kuishi na kile nilichomtwisha. Programu nyingi za lishe zimetengenezewa mtu anayekula sahani yake peke yake, tena chakula kilichotoka kwenye pakiti. FoodSwitch ya Australia, iliyoanza 2012, ni mfano mzuri: unaelekeza kamera kwenye ile mistari myeusi ya pakiti, nayo inakuonyesha bidhaa ya aina hiyohiyo yenye chumvi kidogo. New Zealand walijaribu toleo lake la chumvi kwa watu 66 wenye maradhi ya moyo na mishipa, wiki nne, na chumvi katika vyakula walivyonunua ikapungua. Safi kabisa. Sasa nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ukaelekeze kamera kwenye fungu la dagaa uone.

Majedwali yetu wenyewe ya virutubishi tunayo, yalitoka 2008, na yana vyakula vya kwetu. Mtengeneza programu akiyatumia atatusaidia sana. Ila jedwali haliujui mkono wa mpishi. Sufuria ni moja, mboga ni moja, na chumvi ameitia mtu ambaye hana kadi kliniki kwangu. Kumwambia mzee ahesabu chumvi yake ni kumwambia abiria aeleze mafuta ya gari yanavyokwenda.

Ndiyo maana niliacha kuhesabu sahani, nikaanza kuhesabu pakiti.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha kila kilichomo kwenye chakula. Pakiti ya nusu kilo ina sehemu mia moja za namna hiyo. Nyumba ya watu wazima sita ikiimaliza kabla ya siku 16, wamevuka. Kwa hiyo nyumba ikifungua pakiti mpya, wanaandika tarehe juu yake kwa kalamu, wanaipiga picha, wananitumia WhatsApp. Ikiisha, picha nyingine. Kugawanya nagawanya mimi, watoto nawahesabu nusu. Ni hesabu ya kienyeji, lakini haimdai mtu aandike chochote jikoni huku moshi unamwingia machoni.

Nyumba ya mzee wetu walikuwa watu wazima sita. Pakiti iliisha siku ya nane. Gramu 10 na ushei kwa kila kichwa! Nikapiga simu, sauti nimeshaikaza tayari. Mkamwana akacheka. "Nyingine ni ya kayabo." Kumbe vipande vya sangara vilivyokosa mnunuzi alikuwa anavipiga chumvi na kuvianika, vingine anauza, vingine vinaliwa nyumbani. Na nani anakula kayabo kila asubuhi na viazi vitamu? Babamkwe. Dagaa wenyewe walikuwa wa kuanika juani tu, hawana neno.

Picha ya pakiti isingenieleza hayo, na ile rangi ya kijani ndiyo kabisa. Yalitoka kwenye simu ya dakika tatu. Tukakubaliana kayabo iwe ya kuuza. Mzee akililia sana, iloweke usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili tatu, ichemshwe bila kuongezwa chumvi. Hapo inapungua, haiishi. Sato mbichi wa ndimu na tangawizi ndiye wa kila siku.

Sikumwambia aache chumvi kabisa. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa SODIUM-HF, wagonjwa 806 wa moyo kushindwa kusukuma damu, ambapo kundi moja lilibanwa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, isizidi miligramu 1,500 kwa siku. Vifo na kulazwa havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa maisha ya kila siku yalikuwa na nafuu kidogo. Chakula kisicho na ladha mzee wa Kayenze atakirudisha jikoni, kisha aende kwa jirani.

Simu janja yenyewe si lazima. Sydney waliwatumia wagonjwa wa mishipa ya moyo meseji za kawaida, nne kwa wiki kwa miezi sita. Walikuwa wagonjwa 710 wakiwemo wa kundi la kulinganishia. Matokeo ya 2015 yalionyesha lehemu mbaya (kolesteroli) imeshuka, na presha ya juu ikawa wastani wa 128 dhidi ya 136 kwa wasiotumiwa. Meseji tu, hata kitochi inapokea. Mimi naongeza ujumbe wa sauti kwa wenye WhatsApp, na nautuma saa kumi jioni, kabla sufuria haijapanda jikoni. Wa asubuhi husahaulika. Na namba ninayoiomba siku hizi ni ya anayepika.

Kuna mambo siyaachii simu. Chumvi mbadala yenye potasiamu, ambayo programu za nje hupenda kuisifia, ni hatari kwa anayetumia spironolactone, dawa ya moyo ya kupunguza maji mwilini, au mwenye figo dhaifu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula mchicha bakuli zima kwa sababu simu imempa nyota. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Na uzito: asubuhi, baada ya haja ndogo, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, njoo kliniki.

Nyumba ya mzee haina mizani. Kuna muuza duka jirani mwenye mizani ya kupimia magunia, na mzee huenda kusimama pale kila asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mkamwana hupiga picha mshale. Pakiti yao ya mwisho imekwenda siku kumi na tano, na mzee ameagiza niambiwe kwamba ndimu zimepanda bei.