Flutter itadumu hadi lini? Kwa wenye aplikesheni na wanaotaka kutengenezewa

Watu wengi wanaofika kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Tanga kuomba ushauri hawana shida na kompyuta. Shida yao ni fedha. Mmoja ni kiongozi wa chama cha ushirika, mwingine ana shule, mwingine ana mabasi ya kwenda Lushoto. Fundi amemwambia atamtengenezea aplikesheni kwa Flutter, kazi moja, na itafunguka kwenye Android na kwenye iPhone. Kabla hajatoa malipo ya kwanza, mpwa wake anayesoma Dar es Salaam akamwambia, "Mjomba, hiyo Flutter inakufa, Google wameshaanza kupunguza watu." Sasa ashike la nani?

Wote wawili wana ukweli kidogo. Ila hofu yenyewe, kwa maoni yangu, imeelekezwa pasipo, na nitaeleza kwa nini.

Flutter ni fremuweki, yaani msimbo (maandishi ya programu) na zana zilizokwisha kuandaliwa ambazo fundi anajenga juu yake badala ya kuanza kila kitu mwenyewe. Imetoka Google. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, na lugha yake ya kuandikia programu ni Dart, ambayo Google waliitangaza mwaka 2011. Bila fremuweki ya namna hii, mtu anayetaka kufikia simu zote analazimika kuandikiwa programu mara mbili: kwa lugha ya Kotlin au Java upande wa Android, kwa Swift upande wa iPhone. Mara nyingi hao ni mafundi wawili, na gharama mbili. Kuanzia Flutter 3, Mei 2022, msimbo uleule unaweza kutoa pia programu ya Windows, macOS, Linux na ya wavuti.

Namna Flutter inavyofanya kazi ina uhusiano mkubwa na umri wake, kwa hiyo tuitazame kidogo. React Native, mshindani wake kutoka Facebook, huazima vitufe na visanduku vya simu yenyewe. Flutter haiazimi. Ni sawa na mpishi wa shughuli anayekuja na sufuria zake, majiko yake na miiko yake. Kwako anataka uwanja tu. Kila kitufe unachokiona kimechorwa na injini ya Flutter yenyewe. Faida yake ni kwamba skrini inaonekana vilevile kwenye Tecno ya miaka mitano na kwenye Samsung iliyotoka dukani jana. Hasara yake ilionekana mwaka 2025, Apple walipobadilisha sura ya iPhone kwa iOS 26 na vitufe vyake vya mfano wa kioo. Programu zinazotumia vitufe vya Apple zinaipata sura mpya kwa kazi ndogo. Za Flutter zinabaki na sura ya zamani mpaka mtu akae aichore. Kwa Tanga, ambako simu nyingi mikononi ni Android, hilo halimnyimi mtu usingizi.

Tuje kwenye uvumi. Google wana historia ya kufunga vitu vyao: Google Reader mwaka 2013, Google+ ya watu wa kawaida mwaka 2019, Stadia Januari 2023. Hata AngularJS, fremuweki yao ya wavuti iliyotegemewa na watu wengi sana, iliachwa rasmi mwisho wa 2021. Ndiyo maana habari zilipotoka mwishoni mwa Aprili 2024 kwamba kupunguza wafanyakazi kumegusa timu za Flutter na Dart, watu waliunganisha nukta. Mwezi uliofuata Google wakatangaza kuiunga mkono Kotlin Multiplatform, zana ya kampuni ya JetBrains inayofanya sehemu ya kazi hiyohiyo. Oktoba mwaka huohuo mtu aliyewahi kuwa kwenye timu ya Flutter akatangaza tawi la kando, yaani nakala ya msimbo inayoendelezwa kivyake, aliloliita Flock, hoja yake ikiwa kwamba timu ni ndogo mno ukilinganisha na idadi ya watumiaji. Mpwa hakuota.

Lakini tazama upande wa pili. Matoleo mapya hayajakatika tangu wakati huo. Injini mpya ya kuchora, Impeller, ilikuwa imeshaingia kwenye iPhone mwaka 2023, na Desemba 2024 ikawa ndiyo ya kawaida kwenye simu nyingi za Android. BMW wanaitumia Flutter kwenye aplikesheni yao ya madereva, na Canonical wameijengea kisakinishi cha Ubuntu. Zaidi ya hapo, msimbo wake ni chanzo huria chini ya leseni ya BSD, yaani yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha, kwa hiyo hata Google wakijitoa kesho hakuna wa kukunyang'anya ulichonacho. Nisiwadanganye hapa: leseni hairekebishi hitilafu. Anayerekebisha ni mtu, na mtu anakula. Ila fremuweki yenye watumiaji wakubwa namna hiyo haikosi wa kuilipia kwa muda fulani.

Na hizi fremuweki zinakufaje? Mifano ipo. PhoneGap ilianza karibu mwaka 2009 na wengi waliipenda kwa sababu iliwaruhusu kutengeneza aplikesheni kwa ujuzi wa kurasa za wavuti. Adobe wakainunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2011, na mwaka 2020 wakafunga huduma zake. Lakini msimbo wake ulikuwa umeshakabidhiwa taasisi ya Apache kwa jina la Cordova, na Cordova ipo mpaka leo, ingawa sokoni haitajwi sana. Xamarin ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2016. Msaada wake ukakoma tarehe 1 Mei 2024, na wenye programu wakaelekezwa kuhamia .NET MAUI, mrithi wake, safari ambayo kwa programu kubwa si ya siku mbili. React Native nayo ilitangaziwa msiba pale Airbnb walipoiacha mwaka 2018. Haikufa. Mwaka 2024 ikatoka na muundo mpya wa ndani, na bado ni mshindani mkubwa wa Flutter.

Hakuna hata moja iliyozimika usiku mmoja. Siku msaada wa Xamarin ulipokoma, aplikesheni zilizokwisha kuwekwa kwenye simu za watu zilifunguka asubuhi yake kama kawaida. Tatizo huja polepole, na huingilia mlango wa dukani, yaani kwenye duka la aplikesheni.

Chukulia chama cha wafugaji upande wa Muheza. Alfajiri mfugaji anafika kituoni na keni ya maziwa kwenye baiskeli. Karani anayapima kwa laktomita, anayamimina kwenye chombo cha lita, kisha anachukua simu: anaandika namba ya mwanachama, lita, anabonyeza "Sawa". Kiprinta kidogo cha Bluetooth kinatoa risiti. Mtandao ukiwa hafifu, rekodi zinakaa ndani ya simu kwenye hifadhidata ya SQLite, na zinapanda kwenye seva ya chama mtandao ukirudi. Mwisho wa mwezi mhasibu anazijumlisha na watu wanalipwa.

Katika kazi yote hiyo, Flutter ni skrini tu. Daftari la wanachama, lita za kila asubuhi, bei na malipo havina habari na Flutter. SQLite yenyewe, kwa tamko la waandishi wake, inakusudiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2050. Kwa hiyo chama kikiwa na seva yake, na taarifa zake ziko katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, Flutter ikifa kinachohitajika ni kuandikiwa skrini upya. Ni gharama, lakini si msiba. Msiba ni pale fundi alipoziweka taarifa zote kwenye akaunti yake binafsi ya wingu (hifadhi ya mtandaoni), na hesabu za malipo amezifungia ndani ya simu ya karani. Hapo hata Flutter ikiishi miaka mia, chama kimo mfukoni mwa mtu mmoja.

Sasa huo mlango wa dukani. Kila mwaka Google Play hupandisha kiwango. Tangu 31 Agosti 2025, aplikesheni mpya na masasisho lazima yalenge angalau Android 15, na zile zilizoachwa nyuma mno hazionekani tena kwa watumiaji wapya wenye simu za kisasa. Kuanzia Novemba 2025 likaongezeka sharti kwamba programu iweze kufanya kazi pia kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16, si za 4 pekee. Hilo linaigusa injini ya Flutter yenyewe, kwa hiyo aplikesheni iliyojengwa kwa toleo la zamani haipiti mpaka ijengwe upya kwa toleo jipya. Ukiwa umekaa miaka bila kugusa kitu, kazi inarundikana. Aplikesheni iliyoandikwa mwaka 2020 na kuachwa inakuta kwamba Dart 3, ya Mei 2023, haikubali kabisa msimbo wa mtindo wa zamani usiotenganisha thamani tupu na thamani iliyopo. Zana ya kuuhamisha msimbo huo imeondolewa kwenye matoleo mapya. Fundi inabidi arudi kwenye toleo la 2.19 la Dart, ahamishe, ndipo apande. Yeyote aliyewahi kulipia kazi hiyo anajua kwamba bei yake inakaribia ya kuandika upya.

Na ukiniuliza kiungo dhaifu kuliko vyote ni kipi, sitataja Flutter. Nitataja vifurushi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine. Fundi haandiki mwenyewe kipande cha kuongea na kiprinta. Anakichukua kwenye hazina ya pub.dev, na mara nyingi kimeandikwa na kijana mmoja mahali fulani duniani kwa kujitolea. Android 12 ilipotoka mwaka 2021, ilianza kudai ruhusa mpya kabla programu haijaunganishwa na kifaa cha Bluetooth. Kifurushi ambacho mwandishi wake ameshaondoka hakijui kuiomba ruhusa hiyo. Chama kinanunua simu mpya kwa ajili ya karani, aplikesheni inalenga Android mpya kama duka linavyotaka, kiprinta kimewashwa na taa yake inawaka, lakini hakionekani kwenye orodha. Foleni ya wafugaji ipo nje, maziwa yanasubiri, na karani anarudi kwenye kitabu cha risiti cha karatasi. Google hawakuua kitu hapo.

Kwa hiyo muulize fundi wako vifurushi vingapi vinatumika, na vilisasishwa mara ya mwisho lini. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Kwa vijana wanaojifunza, nasema hivi. Flutter ni mlango mzuri wa kuingilia: unabadilisha mstari mmoja wa msimbo na unaona matokeo kwenye simu papo hapo, na hata kalenda na vitufe vyake vya kawaida vinakuja na Kiswahili tayari. Hatari ni kwamba Dart nje ya Flutter haina kazi nyingi za kukuajiri. Mwenye kujua hifadhidata, kuandika huduma za seva na kutunza msimbo kwa Git atahama kwenda Kotlin au React Native kwa miezi michache. Aliyekariri vipande vya Flutter kutoka kwenye video atabaki kituoni basi likiondoka. Binafsi, kama ningeanza leo mradi wa chama kama hicho cha maziwa, bado ningetumia Flutter, kwa matarajio ya miaka mitano hivi bila wasiwasi mkubwa na tathmini mpya baada ya hapo. Kwa mradi wa Android peke yake ningefikiria Kotlin kwanza.

Limebaki la makaratasi, ambalo ndilo limeumiza wengi tuliokutana nao. Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja, ya Apple dola 99 kila mwaka. Zote ziwe kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya taasisi, si ya fundi. Aplikesheni ikishachapishwa, jina lake la ndani halibadiliki, na masasisho yake hayakubaliki bila ufunguo uleule wa sahihi, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba sasisho limetoka kwa mwenyewe. Ufunguo ukipotea pamoja na laptopu ya fundi, na akaunti ni yake, utaanza na aplikesheni mpya na kuwaomba watumiaji wote waipakue tena. Taarifa za wanachama nazo ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na atakayeulizwa zikivuja ni chama.

Mkataba utaje msimbo wote kukabidhiwa, nakala ya hifadhidata, ufunguo wa sahihi na nywila za akaunti, na utenge fungu la matengenezo ya kila mwaka kabla ya Agosti, duka linapobadilisha masharti. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka fundi mwingine, asiyehusika na mradi, ameuchukua msimbo huo kwenye kompyuta yake, akaujenga, na aplikesheni ikafunguka kwenye simu ya karani.