Paka wa nasaba ni paka gani?

Manyoya marefu na macho ya buluu hayatoshi. Paka wa nasaba ni yule ambaye wazazi wake, babu na bibi zake na waliowatangulia wameandikwa katika daftari la chama cha paka, na yeye mwenyewe ana namba yake humo. Vyama vikubwa vya aina hiyo ni vya zamani: CFA ya Marekani ilianza 1906, GCCF ya Uingereza 1910. Paka asiye na kumbukumbu hiyo, hata awe na uso bapa wa paka wa Kiajemi kiasi gani, ana sura ya Kiajemi tu. Si dhambi, lakini asiuzwe kwa bei ya mwenye cheti.

Hata Afrika Mashariki tuna aina yetu, Sokoke, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke kwenye pwani ya Kenya. Paka wa mwanzo walichukuliwa huko miaka ya 1970 bila karatasi yoyote, wakazalishwa kwa kumbukumbu, na chama cha kimataifa cha paka, FIFe, kikaitambua aina hiyo 1993. Binamu zao waliobaki kijijini wana madoa yaleyale, ila nasaba hawana.

Kampala mkanganyiko huanza muuzaji anaposema "karatasi zake zipo" kisha akatoa kadi ya chanjo. Kadi hiyo hujazwa na daktari wa mifugo. Hata paka wa mtaani Katwe aweza kuwa nayo. Cheti cha nasaba kina namba ya chama, na chama kinaweza kuulizwa kama namba hiyo ni ya kweli. Muuzaji akikasirika kuombwa namba, amekwisha kukujibu.

Hata hivyo cheti kinathibitisha ukoo, si afya. Paka wengi wa Kiajemi wamerithi ugonjwa unaojaza figo vifuko vya maji: mzazi mmoja akiwa na jeni ya ugonjwa huo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Kipimo kipo, na mfugaji anayewajibika hukuonyesha majibu ya wazazi wote wawili kabla hujauliza. Kwa paka wa aina ya Maine Coon huulizwa habari za ugonjwa wa moyo. Paka wa aina ya Scottish Fold mimi simshauri mtu amnunue kabisa, kwa kuwa jeni inayokunja masikio yake ndiyo hiyohiyo inayoharibu viungo vyake, na GCCF haimsajili.

Halafu kuna umri. GCCF hutaka mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 13, maana muda huo hukamilisha chanjo za mwanzo na kufundishwa na mama yake adabu za kucha na meno. Ukiambiwa uje umchukue wa wiki sita, muuzaji anakwepa gharama ya chakula na chanjo. Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa: paka nao hukipata, na Uganda ugonjwa huo upo.

Nenda ukamwone mama mwenyewe, kwenye chumba anacholelea. Pitisha vidole dhidi ya manyoya ya mtoto karibu na mkia. Ukiona chembe nyeusi, zidondoshe kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa wekundu ni kinyesi cha viroboto, yaani damu aliyokwisha kunyonywa. Viroboto wachache si sababu ya kuondoka. Kuambiwa kwamba mama "yuko shamba" ni sababu tosha.

Mfugaji akiwa nje ya nchi, utahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, yenye makao yake Entebbe, pamoja na cheti cha afya cha nchi anakotoka. Matapeli hupenda sana hatua hii: picha nzuri za WhatsApp, kianzio kwa simu, kisha "ada ya uwanja wa ndege" ambayo haiishi. Mfugaji wa kweli atataka kuzungumza nawe kwa video, akuulize kama nyumba ina wavu madirishani na nani atabaki na paka ukisafiri, na ataandika kwenye mkataba kwamba ukishindwa kumlea, umrudishe kwake.