Bei kufanana si kateli

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya mabango ya vituo vitatu vya mafuta kwenye barabara moja, bei ile ile mpaka senti, na chini yake ujumbe: "Wakili, kateli ndiyo hii, mbona mnanyamaza?" Aliyeituma ni mtu mzima, msomi, ninayemheshimu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja: kateli ni washindani wanaopatana chini kwa chini wasishindane, na bei kufanana peke yake si ushahidi wa hilo.

Mafuta tuyamalize haraka. Bei ya petroli, dizeli na mafuta taa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi. Ni bei ya juu kabisa ya rejareja, mji kwa mji, na inayopiga hesabu ni serikali. Vituo vikifanana hapo, vinafuata sheria. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo. Ni vichache vinavyothubutu, na hilo lina utata wake, nitalirudia.

Sasa shuka Luthuli Avenue, Nairobi, ukiulizia chaja ya simu. Duka la kwanza bei hii, la pili hiyo hiyo, la tatu linakupunguzia 50 likiona unageuka kuondoka. Wamekaa kikao wapi? Wanachukua mzigo kwa waagizaji wale wale, kodi za vibanda zinakaribiana, na kila mmoja ana kijana wa kwenda kuchungulia jirani anauzaje. Bidhaa ikiwa ni ile ile na mteja anaweza kuuliza mlango wa pili, bei zitafanana tu. Anayezidisha hauzi. Huo ndio ushindani wenyewe unaoulilia.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kinataka kujua bei imefikaje pale ilipo. Je, kuna makubaliano, uamuzi wa chama, au mwenendo wa kupatana chini kwa chini? Kusoma bango la mshindani wako hakuna shida. Kumpigia simu Ijumaa jioni kumuuliza Jumatatu atauza ngapi, hapo umeingia shimoni: faini ya hadi asilimia 10 ya mapato yako ya mwaka uliotangulia nchini, na kwa upande wa jinai, kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya hadi milioni 10, au vyote viwili.

Kinachonitoa povu ni kwamba hawa wapiga picha za mabango wanapitwa na kateli yenye bei tofauti. Kila aliyewahi kukaa ofisi ya ununuzi Nairobi anajua zile kotesheni tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji watatu wanaodaiwa kushindania oda moja. Ya kwanza 480,000, ya pili 512,000, ya tatu 535,000. Zimepangika vizuri kama ngazi. Zitandaze mezani uzisome pole pole: zote tatu zimekosea neno lile lile, "stationary" pahali pa "stationery" (vifaa vya kuandikia), zote zimeacha nafasi mbili baada ya nukta, na mihuri mitatu imepigwa kwa wino uliofifia upande ule ule wa kushoto. Mshindi alishajulikana kabla karatasi hazijachapwa. Wale wawili wamesindikiza tu, na zamu yao itafika. Kuchezea zabuni namna hiyo kumo kwenye kifungu hicho hicho cha 21, na kunaumiza walipa kodi kila siku. Lakini picha yake sijawahi kutumiwa na mtu.

Kateli za kweli hushikwa kwa maandishi na mawasiliano. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni 9 za chuma jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei na kubana kiasi cha bidhaa. Kesi ya aina hiyo huwezi kuijenga kwa risiti za hardware peke yake. Ukiniletea kumbukumbu za kikao cha chama cha wafanyabiashara, ajenda ya kwanza siigusi. Huko juu ni barabara mbovu, ushuru wa kaunti na mchango wa matanga. Naenda mwisho kabisa, kwenye Mengineyo. Hapo ndipo mtu huinuka akasema wanachama wanaumizana, kuna mwenzetu anaharibu soko. Anayeharibu soko ni yule anayeuza bei nafuu. Na ikishafika hapo, mwenye akili hukimbilia Mamlaka kukiri kabla ya wenzake, maana sheria ina msamaha kwa anayejisalimisha na kutoa ushahidi.

Mengine niyapitie mbio. Ukubwa wa kampuni si kosa. Kosa ni kuutumia vibaya, kama kuwazuia mawakala wa pesa wasihudumie mitandao mingine, jambo lililokomeshwa kwa M-Pesa mwaka 2014. Na Mamlaka haipangi bei ya unga. Unga wa shilingi 100 wa Julai 2022 ulikuwa ruzuku, fedha za Hazina, wala ushindani haukuhusika.

Ila kuna mahali nami hukwama. Chukua soko la kampuni nne. Hakuna simu, hakuna kikao. Mmoja anapandisha, wenzake wanafuata wiki ijayo, na hakuna anayeshusha kwa sababu anajua atajibiwa siku hiyo hiyo. Mteja analipa kama vile wangekutana hotelini. Sheria inawaacha, kwa kuwa ungewaamuru nini, wajifanye hawaoni bei ya jirani? Jibu linaloniridhisha sijalipata. Hata ile bei ya juu ya mafuta nahisi inageuka mahali pa kukutania bila kuitana, ingawa siwezi kulithibitisha.

Halafu matatu. Mvua ikianza, nauli ya 50 inakuwa 100 kabla mtaro haujajaa. Hiyo naielewa: foleni ni ndefu, kila kondakta anaiona kwa macho yake. Lakini nauli ya kawaida inayopangwa na sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu? Wanachama ni wamiliki tofauti, kila mmoja na gari lake na mkopo wake, na ni serikali iliyowalazimisha wajiunge na sacco au kampuni ndipo wapate leseni. Je, sacco ni biashara moja, au ni chama cha washindani kinachoangukia kifungu cha 22 cha Sheria ya Ushindani, kile cha vyama vya wafanyabiashara? Nimebishana na wenzangu pande zote mbili, na nimeshinda mara zote.

Kwa hivyo ukitaka kunitumia kitu, tafuta barua mbili za wauzaji wawili zinazopandisha bei kwa asilimia ile ile, tarehe ile ile, gharama zikiwa hazijasogea. Au jina la msambazaji aliyekataa oda yako ya saruji akakwambia upande wenu wa mji ni wa fulani, nenda kwake. Andika alisema lini, na nani mwingine alisikia.