Laptop Kukaa Kimya Sio Kwamba Iko Safi

Juzi dogo mmoja wa chuo kule Malimbe kaniletea laptop hapa kibandani Nyegezi, Mwanza, anataka nimpigie Windows upya maana kuna mtu anaingia kwenye imeili yake, kabadili paswedi mara tatu ndani ya wiki moja na jamaa bado anaingia tu. Nikamuuliza hizo paswedi ulikuwa unabadilishia wapi? Akanishangaa. "Si humuhumu kwenye laptop, kaka."

Haya. Kumbe ndo alikuwa anamsomea mwizi paswedi mpya kila akibadili.

Shida ni kwamba wengi tumezoea virusi vya flashi, vile vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati mpaka mashine inaganda na wewe mwenyewe unajua hapa kuna ugonjwa. Ndo mtu anakwambia "yangu iko fasta, haina kitu". Programu za ujasusi, au spaiwea, haziko hivyo, zenyewe zinataka uendelee kufanya kazi zako vizuri tu. Ile ya kurekodi vitufe inaandika kila unachobonyeza, paswedi, meseji, namba za benki, halafu inamtumia mwizi kwa intaneti, na maandishi yako ya siku nzima ni mepesi kuliko picha ya sato unayotuma WhatsApp kwahiyo hata bando hutaona limepungua.

Nyingine wala hazisubiri uandike. Zinabeba paswedi ulizosevu kwenye brauza pamoja na vile vikuki vinavyokufanya usilogini kila saa, na mwenye kuki yako anaweza kuingia bila paswedi na bila hata ile namba ya uthibitisho ya SMS. Kwahiyo unabadilisha ukiwa kwenye kifaa kingine kisafi, halafu unalogi auti vifaa vyote.

"Sasa mimi mtu mdogo nani anipeleleze?" Hii naisikia sana pale Kirumba Mwaloni. Watu wamesikia habari za Pegasus, spaiwea ya kampuni ya NSO ya Israel, ile ambayo 2019 WhatsApp walisema imelenga watumiaji wao kama 1,400, wakiwemo waandishi na wanaharakati, wakaona haya mambo ni ya wakubwa. Pegasus kweli ni ghali, hamna atakayeinunua kwa ajili ya mama wa dagaa. Ila hizi za bei rahisi ni kama kokoro la wavuvi, linakokota hadi vifaranga, halichagui. Huyo mama anatuma invoisi kwa mteja wake wa Congo kwa imeili, mwizi akiwa ndani anabadili namba ya akaunti tu basi, mzigo umeenda na hela imeenda kwingine.

Wanaosema kompyuta za Mac za Apple haziingiliwi nao tuwaache, spaiwea ya FruitFly iligunduliwa 2017 kwenye Mac hizohizo. Na wanaofungua inkognito, ile hali ya faragha ya brauza, steshenari wakaona wamejificha, ile inafuta historia ya brauza tu, kama kompyuta ina spaiwea basi inakuona kama kawaida.

"Nina antivairasi." Sawa, hata dogo alikuwa nayo. Kufungua Downloads nikakuta kraki, yaani programu ya kuaktiveti Windows bila kulipia, na kafaili ka maelekezo, mstari wa kwanza: zima antivairasi kwanza. Akazima, kwa mkono wake! Mwaka 2021 Red Canary, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha KMSPico feki (KMSPico ni kraki ya namna hiyohiyo) inavyokuja na CryptBot, programu inayokomba taarifa za brauza. Na mafundi wenzangu tusijifanye hatujui, flashi zetu hizihizi ndo zimesambaza, mimi nikiwemo.

Basi tukabadili paswedi kwenye simu yake, tukamtoa jamaa, nikaformati diski yote. Windows inakaribia kuisha dogo kaingiza mkono mfukoni, katoa flashi. "Kaka, aktiveta iko humu, utaniwekea mwishoni."