Je, wajua kwa nini bendi ikipiga Mama Ngina, ufukweni mwa kisiwa cha Mombasa, watu wa Likoni ng'ambo ya maji huisikia Januari na kuikosa Agosti?

Nimekuwa nikizifuata bendi ndogo kwa miaka mingi. Nazungumzia zile zinazojitegemea: hazina kampuni kubwa nyuma yao, zinarekodi kwa pesa zao, zinapakia ngoma na magitaa kwenye matatu na kwenda popote palipo na jukwaa. Nimezifuata hapa Mombasa, nimezifuata Nairobi, na Februari nikijaliwa navuka hadi Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo Ngome Kongwe imekuwa kitovu chake. Ukisafiri hivyo utagundua jambo mapema: bendi ileile, spika zilezile na fundi mitambo yuleyule hawasikiki sawa mahali pawili.

Swali lenyewe aliniuliza mpwa wangu anayekaa Likoni. Januari bendi ikipiga jioni pale Mama Ngina Waterfront, yeye ng'ambo ya pili ya mlango wa Kilindini anashika hadi maneno ya wimbo. Agosti bendi hiyohiyo ikirudi, anapata mdundo wa besi tu, na siku nyingine hapati chochote. "Mjomba, mbona iko hivyo?"

Nilimjibu papo hapo: upepo. Kaskazi ya Januari huichukua sauti na kuileta Likoni, kusi ya Agosti huirudisha mjini. Nilikuwa nimekosea. Neno "upepo" lilikuwa mahali pake, ila sababu niliyoitoa haikuwa kweli, na kwa kuwa ndiyo sababu inayotolewa na karibu kila mtu hapa pwani, inafaa tukae nayo kidogo.

Imani hiyo inatokana na macho. Tunauona upepo ukipeperusha moshi wa mishikaki, ukisukuma ngalawa, ukiipeleka harufu ya samaki wa kukaanga hadi nyumba ya tatu. Basi na sauti tunaidhania kuwa kitu cha namna ya moshi: upepo ukiikabili, itarudi ilikotoka. Lakini moshi hauna mwendo wake, huenda unakopelekwa. Sauti ina mwendo wake, na ni mwendo mkali sana. Katika hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, joto la kawaida la jioni zetu, sauti hukimbia kama mita 347 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 1,250 kwa saa.

Sasa uchukue upepo wa kusi ulioshika barabara, ule unaotoa povu jeupe juu ya mawimbi. Tuseme unakwenda mita 10 kwa sekunde. Sauti inayokwenda kinyume chake itapungua kasi kutoka 347 hadi 337, basi. Msikilizaji aliye kilomita 1 kutoka jukwaani, siku isiyo na upepo, ataupata muziki baada ya sekunde 2.88. Upepo ukiwa kinyume ataupata baada ya sekunde 2.97. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kama basi la Malindi lililokuwa likienda kilomita 80 kwa saa lipunguze hadi 78: abiria wote watafika, na hakuna atakayeona kuwa limechelewa.

Na ukali wa sauti je? Hapo pia kusukumwa peke yake hakuleti tofauti ambayo sikio linaweza kuigundua. Kama kazi ya upepo ingekuwa kusukuma tu, mpwa wangu angeisikia bendi Agosti karibu sawasawa na Januari. Hesabu hii ni ya shule ya sekondari, na bado nilikaa miaka na jibu lile bila kuipiga. Aliyenitoa huko ni fundi mitambo wa bendi moja niliyokuwa nimeifuata. Nilimkuta nyuma ya uwanja kabla ya onyesho akitazama vibendera vilivyofungwa juu ya nguzo, nikamwuliza kama anahofia upepo utairudisha sauti. Akasema: "Hauirudishi. Unaipinda."

Kupinda huko ndiko kiini cha jambo lote, kwa hiyo twende nako taratibu.

Mfikirie hamali ametoka Marikiti na mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Gurudumu la kushoto liko juu ya lami, la kulia limeingia mchangani. Anasukuma kwa nguvu sawa pande zote, lakini gurudumu la kulia linakwenda polepole. Mkokoteni hautanyooka. Utageuka kuelekea mchangani. Hakuna aliyeusukuma huko, wala hakuna kilichouzuia. Umegeuka kwa sababu upande mmoja umeachwa nyuma na mwenzake.

Sauti nayo ni mkokoteni wa namna hiyo, ila magurudumu yake hayako kushoto na kulia. Moja liko chini, jingine juu. Kila spika inapopiga, mbele yake hutoka kitu kama ukuta wa hewa iliyobanwa, ukuta uliosimama wima unaokwenda mbele. Ukuta huo huenda daima kule uso wake unakoelekea. Ukiendelea kusimama wima, utakwenda sambamba na ardhi na kuingia masikioni mwa watu. Ukiegemea nyuma, uso wake utaangalia mbinguni, nao utaelekea huko. Ukiinamia mbele, utarudi chini.

Sasa ulete upepo. Upepo hauvumi kwa nguvu moja toka chini hadi juu. Karibu na ardhi unajikwaruza kwenye kuta, miti, mawimbi na watu, na nguvu zake zinapungua. Panda mita 10 au 20, utaukuta mkali zaidi. Mwenye kupandisha tanga hahitaji kuelezwa. Basi ukuta wetu wa sauti ukienda kinyume cha upepo, miguu yake iko kwenye upepo dhaifu na kichwa chake kwenye upepo mkali. Kichwa kinacheleweshwa kuliko miguu. Ukuta unaegemea nyuma, uso unatazama juu, na muziki unapaa. Ukienda pamoja na upepo, kichwa kinasaidiwa kuliko miguu, ukuta unainama mbele, na sauti ambayo ingepotelea angani inarudishwa chini kwa wasikilizaji. Ikigonga ardhi au maji inaruka, inapindwa tena chini, inaruka tena, na hivyo inafika mbali.

Kupinda kwenyewe ni kudogo, na hapo ndipo jambo hili linaponivutia kuliko yote. Tuseme kasi ya sauti inapungua mita 1 kwa sekunde kwa kila mita 10 za kupanda juu, jambo lisilo la ajabu upepo ukiwa na nguvu. Sauti iliyotoka ikiwa sambamba na ardhi, ikifika mita 300 kutoka jukwaani, itakuwa imeinuka karibu mita 13. Mita 13 katika mita 300! Kwa macho ungesema bado ni mstari mnyoofu. Lakini mita 13 zinatosha kuipitisha juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Muziki haukurudi mjini. Umempita mtu juu ya kichwa, na yeye amebaki ndani ya kivuli cha sauti, mahali ambapo ukali unaweza kushuka kwa desibeli 20 au zaidi.

Basi rudi Likoni. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Ukisimama Mama Ngina, inatoka kisiwani na kuelekea ng'ambo. Likoni iko upande ambao ukuta unainamia mbele. Kusi, katikati ya mwaka, inatoka kusini, na Likoni inageuka kuwa upande wa kivuli. Siku ambayo kusi imeelemea mashariki, upepo unaikata njia ya sauti ubavuni na athari inapungua. Ndiyo maana hata Agosti kuna jioni ambazo mpwa wangu husikia vizuri.

Na ule mdundo wa besi unaobaki wakati sauti ya mwimbaji imepotea? Mawimbi ya besi ni marefu. Noti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Mlio wa matoazi wa hezi 10,000 ni sentimita 3.5 tu. Mawimbi marefu huzunguka vizuizi na kupenya kivulini, mafupi hayawezi. Aliye ndani ya kivuli hupata ngoma bila wimbo.

Elimu hii si mpya. Mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, George Stokes, aliieleza mwaka 1857: tofauti ya upepo kati ya chini na juu ndiyo inayoiinamisha sauti. Katika miaka ya 1870 Osborne Reynolds akaijaribu kwa kengele ya umeme uwandani. Upande wa kuukabili upepo, mlio uliokuwa umepotea ulirudi pale msikilizaji alipojiinua juu. Naipenda sana habari hiyo, kwa sababu kama upepo ungekuwa umeirudisha sauti, kupanda kusingesaidia kitu.

Joto nalo hufanya kazi hiyohiyo. Sauti huongeza kasi kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Mchana jua likiwaka, hewa iliyogusa lami na mchanga ni moto kuliko ya juu. Miguu ya ukuta inatangulia, ukuta unaegemea nyuma, na muziki unapaa pande zote. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoa kwanza na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, mambo yanageuka, sauti inainamishwa chini. Tumezoea kusema muziki wa usiku unafika mbali kwa sababu mji umetulia. Utulivu unachangia, kweli, maana kelele za magari zinapopungua sikio hupata nafasi. Lakini hata ungeufunga mji mzima saa nane mchana, muziki usingefika ulipofika saa nne usiku wa namna hiyo.

Hapa nina tahadhari kuhusu maji, maana watu husema "maji hubeba sauti". Maelezo ya vitabuni ni kwamba maji baridi huipoza hewa iliyo juu yake, na sauti inapindwa chini. Yanafaa kwa ziwa la Ulaya wakati wa kiangazi. Bahari yetu ni ya vuguvugu, na usiku mara nyingi ina joto kuliko hewa iliyoizunguka, kwa hiyo maelezo hayo hayaingii Kilindini moja kwa moja. Maji yanasaidia kwa njia nyingine: uso wake ni mgumu kwa sauti, unairudisha karibu yote, wakati nyasi na mchanga huila. Na juu ya maji hakuna ukuta wala jengo la kuikinga.

Mafundi wa matamasha wanayajua yote haya, na ukienda kwenye onyesho la wazi utaona alama zake. Spika hutundikwa juu ili kivuli kianzie mbali zaidi. Kwenye viwanja vikubwa husimamishwa minara ya spika katikati ya watu, na sauti yake hucheleweshwa makusudi: mnara ulio mita 100 kutoka jukwaani husubirishwa karibu sekunde 0.3, ili ulie pamoja na sauti inayofika kutoka mbele. Kule Glastonbury, Uingereza, tamasha la shambani lililoanza 1970, kibali kinaweka kikomo cha kelele inayofika nje ya mipaka, na fundi analazimika kuwaza vijiji jirani hasa jioni ya kiangazi isiyo na upepo, wakati sauti inapoinamia chini. Na wewe uliye uwanjani, ukisikia matoazi yanakuja na kuondoka kama yanapepea, ni upepo wa vipindi unaozigeuzageuza njia za sauti. Mawimbi mafupi ndiyo yanayoonyesha athari hiyo kwanza.

Ndani ya Ngome Kongwe hali ni nyingine. Kuta ni ndefu, upepo unapita juu, na msikilizaji yuko karibu sana na jukwaa kiasi kwamba kupinda hakupati nafasi. Kwa hiyo Unguja nasimama popote. Uwanja wa wazi nausoma kwanza: natafuta bendera, naangalia inaelekea wapi, nami naenda kusimama huko.

Agosti iliyofuata nilimpigia mpwa wangu simu bendi ikiwa jukwaani Mama Ngina, upepo wa kusi umekaza. Alikuwa barazani, anasikia besi tu. Nikamwomba apande juu ya paa la jirani, nyumba ya ghorofa mbili yenye slabu. Paa moja na usiku mmoja si jaribio la Reynolds, na hapo juu kulikuwa na kelele chache za barabara, hilo nalikiri. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nasikia gita." Akashuka ngazi, akalipoteza. Akapanda tena, likarudi, na safari hii akaanza kuimba kiitikio pamoja nao.